Injini Kando ya Kitanda

Niliolewa na dereva, lakini mwaka wa kwanza wa ndoa yangu niliishi na injini. Watu hucheka nikisema hivyo. Wacheke tu, si wao waliokuwa wakiiruka kila asubuhi kwenda kuwasha moto.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vimekwisha, vipuri vinapatikana kwa taabu. Mume wangu alikuwa akiendesha lori la shamba la mkonge. Lori lilipochakaa, likawa linafuka moshi wa buluu na kunywa oili kama mlevi, wenye shamba wakaliuza, naye akalinunua kwa akiba yake yote. Alitaka kubeba mpunga wa Kihurio na ndizi za milimani, azilete stesheni ya Same. Likavutwa na ng'ombe mpaka nyuma ya chumba tulichopanga. Fundi wa mjini Moshi hatukumweza kwa bei, basi mume wangu akasema ataifungua injini mwenyewe. Nje upepo wa Same ulikuwa ukipeperusha vumbi kutwa nzima, kwa hiyo aliwaita majirani, wakaibeba kwa miti na minyororo, wakaitua kando ya kitanda.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakushika jembe wala hakuaga. Kila kilichofunguliwa kililazwa mkekani kwa mpango alioujua mume wangu peke yake: valvu, ringi, beringi, nati ndani ya makopo. Mkeka ulipojaa akatandika kanga yangu. Mlango wetu haukuwa na kufuli.

"Usitoke," aliniambia. "Wenye malori wote mjini hapa wanatafuta beringi. Ukigeuka tu, tumekwisha."

Nami nilikuwa na mimba. Mama yangu, aliyekuwa kijijini Mamba huko juu milimani, aliomba jambo moja tu siku ya harusi: mtoto wa kwanza azaliwe nyumbani kwake, kitovu chake kizikwe kwenye migomba kilipozikwa changu. Mume wangu akajibu mbele ya wazee wote kwamba atanipandisha kwa lori lake mwenyewe. Wazee walifurahi sana. Barabara ya kule waliichimba wao kwa msaragambo, baragumu ikilia alfajiri na kila nyumba ikitoa mtu na jembe, na bado hawakuwa wamemwona mkwe wa mtu yeyote akiipita na lori.

Mlangoni pangu niliiona milima yote, ukungu ukiwa umeikalia. Nilikaa kizingitini kutwa nikiitazama. Joto la bondeni lilinichosha, mbu walinila, na tumbo lilikua. Mwanzoni ningeweza kupanda kwa miguu, lakini kila nikitaja safari niliambiwa bado kidogo. Nilimchukia yule mgeni wa chuma. Siku nyingine nilimchukia na aliyemleta.

Kisha yakaja mambo ya magadi. Mafuta ya taa ya kuoshea vyuma yalikwisha, na vyuma vilikuwa na masizi yaliyoganda. Mume wangu, Mpare kama mimi, aliyelelewa kwa makande, akaitazama mifuko yangu jikoni.

"Magadi yanalainisha maharage ya mwaka juzi," alisema. "Yatashindwa na masizi?"

Akayachemsha na valvu. Zikatoka safi, zinang'aa. Akacheka, akaniomba chungu kikubwa, kile alichonipa mama nipikie makande ya wageni, akazipanga pistoni ndani yake.

Nikamwambia, "Sufuria nyeupe ukiipikia magadi hugeuka nyeusi. Ndiyo maana natumia chungu. Na hizo pistoni ni za chuma cheupe kilekile."

"Sufuria nyeusi haipiki?"

Nikamwachia chungu. Zikachemka tangu asubuhi mpaka mbuzi wanarudi, povu likipanda naye akiongeza kuni kwa furaha. Alipozitoa zilikuwa zimeliwa. Zilikuwa na vishimo kila mahali kama uso wa mtu aliyepona ndui, na ringi hazikukaa tena. Alizishika moja moja, akazirudisha mkekani kwa mpango uleule, akaketi juu ya injini. Makande ya siku ile sikupika, kwa kuwa chungu kilinuka oili, na hakikuacha kunuka maisha yake yote.

Wenzetu wa makabila mengine hutucheka kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mume wangu hakuwa na ng'ombe, akajiuza mwenyewe. Akaenda kuendesha lori la mtu mwingine huko Tanga apate pistoni, akaniacha nichunge vyuma vilivyobaki. Nilivumilia, kisha siku moja uvumilivu ukanishinda. Nikajifunga kanga, nikaufunga mlango kwa kamba, nikashika njia ya mlimani. Nilifika mwisho wa maduka. Miguu ilikuwa imevimba, jua liko utosini, na kila hatua niliona mtu akibeba beringi zetu. Nikakaa chini nikalia, halafu nikarudi. Kamba ilikuwa vilevile nilivyoifunga. Nilichoweza kufanya ni kumtuma mwanamke wa kwetu, aliyeshuka kuuza ndizi, amwambie mama kwamba sitafika.

Mama hakuwahi kulala bondeni. Huko juu wanasema bondeni ni homa tupu. Lakini alishuka, kwa miguu, kapu kichwani, akasimama mlangoni akayatazama yale machuma mkekani.

"Mwanangu," aliniuliza, "unalala na hivi?"

Siku chache baadaye mume wangu akarudi na pistoni. Sasa, kwa mila yetu, mama mkwe halali chumba kimoja na mkwewe, wala hawasemezani ana kwa ana, kwa hiyo mume wangu akahamia ndani ya lori. Yeye akalala kwenye lori lisilo na injini, sisi tukalala na injini isiyo na lori. Mchana mama akitaka kitu, alinigeukia mimi na kusema, "Mwambie mumeo anipishe," na mume wangu, amesimama palepale, alisubiri nimwambie ndipo apishe.

Mtoto alizaliwa mchana, wa kiume, mikononi mwa mama, kichwa changu kikiwa kimeegemea injini kwa kukosa nafasi. Chuma kilikuwa cha baridi na, niseme kweli, kilinifaa. Mama alikaa mpaka kitovu kikauka na kudondoka. Akakifunga ndani ya jani, akalitia kapuni.

Asubuhi kilipodondoka, mume wangu alikuwa amekwisha kuifunga injini kwa pistoni mpya, na majirani wameirudisha mahali pake lorini. Mume wangu akazungusha hendeli mpaka shati likalowa. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikanguruma, na haikutoa moshi wa buluu hata kidogo. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile. Akafuta kiti kwa kofia yake, akasimama kando kwa adabu.

"Mwambie mama apande," aliniambia. "Nawapeleka wote Mamba."

Mama alilizunguka lori zima, akalipapasa boneti kwa kiganja.

"Mwambie mumeo lori lake ni zuri," alisema. "Lakini kitovu hiki kina safari, sitaki kilale njiani."

Akajitwika kapu akaondoka. Mume wangu akainamisha kichwa, injini ikaendelea kunguruma. Nilimtazama mama akiyapita maduka, akipita pale nilipokaa kulia, mpaka akawa mdogo chini ya mlima. Nikamkaza mtoto kifuani. Kitovu chake kilikuwa kinakwenda nyumbani, sisi wawili tumebaki.

Mume wangu alizima injini. Akasema anakwenda mara moja kutafuta petroli ya safari, na mlango wa lori haufungi vizuri.

"Nisubiri humo lorini," alisema. "Usitoke."