Siku Nilipokata Muziki Uani kwa Mama

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya simu ya mama yangu. Zuhura, mtoto wa dada yangu ambaye mama amemlea kule Handeni, alikuwa anaolewa. Mama akaniambia, "Njoo na hayo mambo yako ya umeme, upige muziki siku ya kumuaga. Nikuone. Nikishakuona ndiyo nitajua la kuwaambia watu."

Watu walikuwa wameambiwa kwamba mimi ni fundi umeme. Miaka yote niliyosimama nyuma ya mashine mbili za santuri nikipiga hip hop, tangu zama zile wenye kumbi wakiniona na hedifoni shingoni wananiuliza DJ mwenyewe yuko wapi, mama hakuwahi kunisikia hata mara moja. Siku hizi mabinti wanaoifanya kazi hii wananiita mama yao, wanasema mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Sifa hizo nazipenda, sitadanganya. Lakini zote zilikuwa zinaishia Mkata, pale njia ya Handeni inapochepuka, na kwa mama hazikuwahi kufika. Nilitaka anione akiwa bado ana macho ya kuona, na wakati huohuo niliogopa atakachokisema.

Asubuhi nilipanda basi. Konda alitaka kuutupa mfuko wangu wa mashine na santuri kwenye buti pamoja na magunia, nikamwambia atanitupa mimi kwanza. Nikaupakata njia nzima.

Segera basi lilisimama, na kama kawaida madirisha yakajaa machungwa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza aliuchungulia mfuko wangu.

"Dada, umebeba masinia?"

"Masinia ya kuimba," nikamjibu.

"Haya, yakishiba kuimba uyapakulie machungwa," akasema, akaniongezea moja la bure.

Ningeweza kushuka Mkata nikaokoa nusu ya safari, ila nilihitaji spika, na spika nilikuwa nimeahidiwa Korogwe. Mchana ndipo nilipofika Old Korogwe, dukani kwa Mzee Yusufali, Mhindi aliyezaliwa hapohapo na anayeongea Kishambaa kuliko mimi. Nilipokuwa nasoma Korogwe alikuwa anauza kaseti, na mimi nilikuwa nasimama mlangoni kila anapozijaribu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Si wewe uliyekuwa unaniziba mlango, wateja wanashindwa kupita?"

"Ndiye mimi."

"Basi leo ingia ndani, mwanangu."

Alizijaribu spika mwenyewe, sikio likiwa karibu kabisa, kisha akaniuliza kama mama atakuwepo. Nikamwambia ndiye niliyemfuata. "Basi besi ipunguze mwanzoni," akasema. "Sisi wazee kifua kikitikisika tunadhani ni maradhi." Nilicheka, lakini ushauri wake niliubeba pamoja na spika.

Alasiri tulishika njia ya Handeni kwa pikapu ya jirani yake. Mkonge ulituaga, vichaka vya miiba vikatupokea, na tulipopita Sindeni mahindi yalikuwa yameanikwa mbele ya nyumba. Nilijisikia vizuri sana. Kwetu ni kwetu, hata vumbi lake hukohoi sana.

Jioni mama alinipokea, akanikagua mimi, kisha akazikagua mashine.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo, mama."

"Hazipigi shoti?"

"Hazipigi."

Akaenda kutazama chungu chake.

Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, ua ulijaa. Shangazi zake Zuhura walifunga kanga viunoni, pilau ikawa motoni, bibi harusi akakalishwa kwenye mkeka. Nilianza polepole na nyimbo wanazozijua, besi ikiwa chini kama nilivyoambiwa, kisha nikaingiza midundo yangu. Waliipokea. Wakaja katikati, vumbi likapanda, na mimi kichwa kikapanda nalo. Nikafanya jambo linalojulikana kuwa langu mjini: wimbo ukiwa umekolea, niliukata ghafla. Mjini nikikata hivyo, ukumbi mzima hupiga kelele.

Pale uani palinyamaza. Shangazi mmoja alifungua kanga kiunoni akajitanda kichwani. Wanaume waliokuwa jikoni wakaanza kuchomoa kuni chini ya sufuria. Mtu akauliza, "Nani?" na mwingine akaanza kulia, na Zuhura naye akalia bila kujua anamlilia nani.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu muziki wa sherehe haukatwi katikati ila kwa jambo moja tu: msiba. Habari ya kifo ikifika, mwenye mashine huzima bila kuuliza, na watu huondoka kwenda matangani. Nimezaliwa humo, nimekulia humo, na mji ulikuwa umenisahaulisha.

Mama alikuja mpaka mezani kwangu. Niliona kazi yangu yote inaishia hapo.

"Umepigiwa simu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana mama. Hajafa mtu. Mimi ndivyo ninavyopiga."

"Vipi?"

"Nakata ili watu waitikie. Pale panapobaki patupu ni pao."

Kisha akawageukia watu. "Jamani, kaeni! Hajafa mtu, rudisheni kuni! Kwani kwenye selo, ngoma yetu wenyewe, wapigaji si humsubiri manju aite wimbo? Huyu naye anasubiri. Ninyi ndio mmekosa manju." Akanigeukia. "Kata tena."

"Mama, watalia tena."

"Kata, nimesema."

Nilirudisha wimbo, nikaacha ukolee, nikakata. Na katika ukimya ule mama yangu aliita, peke yake, wimbo wa Kizigua wa kumuaga binti, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu utoto wangu. Wanawake wote wakamwitikia. Niliingiza mdundo chini yao taratibu, nikakata tena, naye akaita tena. Tulikwenda hivyo mpaka jua likalegea. Nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Asubuhi iliyofuata niliaga. Safari hii imenifundisha kwamba kabla ya kupiga muziki kwa watu, uliza kwanza ukimya wao una maana gani. Nilipitia Korogwe kurudisha spika, na nilipokuwa bado kwa Mzee Yusufali simu ililia.

"Kuna watu wa Sindeni wamekuja hapa asubuhi," mama akasema. "Wana harusi. Wanamtaka DJ."

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia nitakwenda. Wewe njoo na mashine."