Mjomba Aliyejua Habari za Kuzimu

Bazilio ni mdogo wangu, tumbo moja, kwa hiyo nikimsema msinizuie. Kambi yetu wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, wenzake walipanda malori ya kurudi Burundi na masufuria yao na magodoro. Yeye alikuja kwangu Makere, nilikoolewa, na kitabu. Kitabu! Cha Kifaransa, jalada limechanika, kina picha za miungu ya Wagiriki na Warumi wa kale. Padri mmoja alimwachia. Jembe hakuwa nalo.

Kulima hakulima. Alikula kwangu, akanywa pombe ya ndizi kwa jirani, na akishakolea anaanza: "Wagiriki walimwita Hadesi, Warumi wakamwita Pluto. Mfalme wa kuzimu! Ana mbwa wa vichwa vitatu mlangoni, ana mzee wa mtumbwi wa kuvushia wafu. Wote tutafika kwake." Watu wakacheka, wakambandika jina la Bwana Kuzimu. Akavimba kichwa.

Aliyemsikiliza kwa dhati ni binti yangu Vestina, tangu akiwa mdogo. Hadithi aliyoipenda ilikuwa ya Persefone, mtoto wa mungu mama wa mazao. Alikuwa akichuma maua, ardhi ikapasuka, Hadesi akamkwapua akamwoe. Mama mtu akalia mpaka mashamba ya dunia nzima yakakauka. Miungu wakaamua binti arudishwe, mradi awe hajaonja kitu huko chini. Kumbe ameonja punje sita za komamanga. Basi, miezi sita ya kila mwaka akawa wa kuzimu. "Ukila kwao, umekuwa wao," Bazilio alimwambia. "Shika hilo, mwana wanje, mwanangu."

Akalishika. Mwaka jana, akiwa na miaka ishirini na miwili, anatoka kisimani, wanaume wanne wakamtia kwenye gari. Mwenye shughuli ni Havyarimana wa Mabamba, mnunuzi wa mahindi, ambaye Vestina alishamkataa mara mbili mbele yangu. Nikakimbilia polisi. Wakasema binti ni mtu mzima, kamalizaneni kifamilia.

Sasa, ukoo ule una mila yao. Msichana aliyekamatwa si mke mpaka ale chini ya paa lao. Akishinda siku nne hajala, wanamrudisha kwao na mbuzi wa kuomba radhi. Vestina alilijua hilo, na ya mjomba wake alikuwa nayo kichwani. Siku ya kwanza hakula. Ya pili hakula. Walimwekea wali na kuku, akageukia ukuta. Alikunywa maji tu.

Siku ya tatu nikaambiwa hawezi kusimama. Mana yanje, Mungu wangu! Bazilio akaniambia, "Dada, pika. Kuzimu ni jiko lao. Chakula kilichoiva kwenye moto wako ni cha kwako hata akilie wapi. Hadesi mwenyewe asingeweza kubisha." Nikamwamini, mjinga mimi. Nikasonga ugali wa muhogo, nikaunga maharage na mawese, nikafunga kwenye jani la mgomba. Bazilio akapanda nalo basi la Mabamba.

Wakamruhusu kumwona, ndugu na ndugu, mlango umerudishwa. Vestina alimuuliza, "Mjomba, hakika?" Akajibu, "Hakika." Akala matonge sita. Bazilio aliyahesabu, eti kama zile punje, na jani akalirudisha mfukoni. Hakuna mwingine aliyeona.

Kesho yake, siku ya nne, nilikuwa Mabamba na Bazilio, nimekaa kwenye mkeka wao, na wazee wao mbele yangu. Shangazi wa Havyarimana, mwanamke mwenye mdomo kama wembe, akasimama kwa shida. "Sahani zetu zimerudi kama zilivyokwenda," alisema. "Hajala. Achukuliwe." Mbuzi alishafungwa kamba.

Mzee mmoja akanung'unika tu, kama wazee wanavyonung'unika: haiwezekani, siku nne, lazima kala kitu. Hakuna aliyemjali. Lakini Bazilio, Bwana Kuzimu, asikie jambo la kuzimu anyamaze? Nilimvuta shati, akanitoa mkono. Akasimama, akakohoa. "Wazee wangu, tutofautishe. Amekula, ego, ndiyo, mimi nimeshuhudia. Ila ni chakula cha mama yake. Na kwa mujibu wa Wagiriki wa kale..."

Hakumaliza. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. "Paa la nani?" shangazi aliuliza. Bazilio akaanza tena habari za Persefone. "Paa la nani, wewe mtu?" Akasema, "La kwenu." Wakamfungua mbuzi, wakamrudisha zizini.

Nilimpiga mdogo wangu kofi mbele ya wakwe. Wakwe! Nililia, nikapiga magoti, nikaomba nirudishiwe binti yangu hata kwa msimu wa kupanda tu. Wakasema mke haazimwi.

Wakamtoa Vestina aniage. Amekonda, kanga imefungwa mara mbili kiunoni. Nikamnyooshea mikono, nikamwambia yote ni kazi ya mjomba wako, mwana wanje, ulimi wake ndio umekuuza. Hakumtazama mjomba wake hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Ningemaliza siku moja tu iliyobaki, mama," alisema. "Nilikuwa naweza. Chakula ulikipika wewe."

Akaingia ndani kabla sijamgusa.