Mashine Iliyowaka Tena

Mimi ni mwoga wa maji na sioni aibu kusema. Nimezaliwa Buganguzi, kwenye migomba na kahawa, ambako maji ni kitu cha kuteka na ndoo, si cha kupanda juu yake. Kisha nikaolewa na mtu mwenye boti. Mama yangu alipopata habari aliuliza swali moja tu: huyo kijana ana kibanja cha migomba? Nikamjibu anacho. Akashusha pumzi. Hakujua kwamba kibanja chenyewe mume wangu hukiona jioni tu, na mchana kutwa yuko kati ya mwalo wetu wa boti hapa Muleba na kisiwa cha Bumbire, anapeleka watu, ndizi na soda, anarudi na dagaa.

Nilichoogopa zaidi ya ziwa ni mashine ya lile boti. Ilikuwa kuukuu, aliipata ikiwa imeshachoshwa na wengine, na kifuniko chake kilifungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mwaka jana ikaanza tabia ya kuzima njiani. Inazima, anavuta kamba, inawaka, anafika nyumbani anacheka. Mimi sikucheka. Upepo ukianza kuvuma mchana na yeye hajarudi, niliacha sufuria jikoni nikatoka uani kusikiliza, kana kwamba kutoka kwetu mtu anaweza kusikia boti. Maharage mengi yaliungua.

Fundi wa Bukoba aliifungua, akasema pistoni na ringi zimekwisha na silinda imekwaruzika. Inatengenezeka, alisema, lakini kwa kazi ya kuvusha watu, angekuwa yeye angenunua nyingine. Mume wangu alisikia neno moja tu: inatengenezeka.

"Hizi mpya ni bati tupu," akaniambia. "Hii ni chuma. Siku hizi hawatengenezi tena kama hii."

"Na wewe hawatengenezi tena mwingine," nikamwambia.

Tulibishana mpaka tukachoka, tukafikia mapatano. Fundi asafishe kabureta na kubadilisha plagi, halafu tuijaribu. Ikienda Bumbire na kurudi bila kuzima, itatengenezwa. Ikizima, tunanunua mpya.

"Na wewe utapanda," akasema. "Usije ukasema nilikudanganya."

Nikapanda. Tulikuwa wawili tu. Maboya yalikuwemo, ila katika boti letu maboya ni mito ya kukalia. Mimi langu nililivaa na kulifunga kamba zote. Akanicheka: "Mama, tunakwenda Bumbire, si Uganda." Tulikwenda salama. Kisiwani nilikunywa hata chai, na wakati wa kurudi nikaanza kujiambia kwamba labda mwanamume huyu anasema kweli.

Tulipofika katikati, nchi kavu ikiwa bado mstari tu wa kijani, mashine ikakohoa na kunyamaza.

Sikujua kwamba kimya kinaweza kutisha namna ile. Akavuta kamba. Akavuta tena. Upepo ukaanza, boti likageuka ubavu na kupigwa na mawimbi, maji yakaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu yangu. Nilisali kwa Kihaya, maana Kiswahili chote kilinitoka.

Ndipo nikaona boti jingine likija. Lilikuwa kubwa, limejaa watu waliovaa sare za vitenge na suti: walikuwa wanapeleka bibi harusi kisiwani. Nikasimama, nikavua kitenge nilichojifunga juu ya gauni, nikakipunga kwa nguvu zangu zote huku nikipiga kelele. Wakaniona! Wakapunga vya kwao. Nikasikia vigelegele. Bwana mmoja alivua koti akalizungusha hewani. Mimi nikazidi kupunga, nao wakazidi, na ngoma ikapigwa kwa ajili yangu.

"Funga kwenye kasia!" mume wangu alikuwa akipayuka nyuma yangu. "Simamisha kasia!"

Watu wa ziwa wote wanajua. Nguo iliyofungwa kwenye kasia lililosimamishwa ni mtu anayeomba msaada. Nguo inayopungwa kwa mkono ni salamu. Mimi nilikuwa nimepunga kama tunavyopunga sisi watu wa migombani harusi inapopita barabarani. Fundo lilinifunguka mara mbili, na nilipomaliza kulifunga, boti la harusi lilikuwa limeshatupa mgongo. Hakuna aliyegeuka.

Nikakaa chini nikalia. Niliwaza watoto wetu wakirudi shuleni na kukuta mlango umefungwa. Kisha nikamtazama mume wangu, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa, nikakuta uso umemsawijika. Alikuwa anavuta kamba huku anaibembeleza ile mashine, "Waitu, waitu," neno letu la heshima, kwa sauti ya mtu anayemwomba mkwe wake. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mpaka dakika ile nilidhani kwamba kati yetu wawili kuna mmoja anayejua la kufanya.

Ikawaka. Kwa nini iliwaka, sijui, na yeye hajui mpaka leo.

Tulipogusa mchanga alibaki amekaa, mkono haujaachia usukani. Baadaye damu ilimrudi usoni, na mdomo nao ukarudi.

"Umeona? Imewaka yenyewe. Ni ringi tu."

"Imezima."

"Imewaka."

"Tulikubaliana ikizima."

"Lakini si imetufikisha?"

Ingekufa kabisa, tukavutwa na watu, ubishi ungekwisha. Lakini sasa ilikuwa imempa sababu ya kuipenda zaidi.

Jioni ile sikugombana naye. Nilimpa chakula, nikamwambia, "Sawa, baba. Itengeneze. Ila kila utakapovuka, na mimi napanda. Nitakaa pale pale mbele."

"Na watoto?"

"Watakaa Buganguzi kwa bibi yao. Nitafunga na nguo zao kabisa."

Akanitazama aone kama natania. Sikutania, na maneno yangu mwenyewe yalinitia baridi. Akasukuma sahani, akaenda kukaa nje. Asubuhi alipanda gari la Bukoba, akarudi na mashine mpya.

Ya zamani haikutupwa. Alikuja kuitazama kijana mmoja mvuvi, mtu wa kuja, anayeishi kambini Bumbire na mke wake na mtoto mchanga. Akaifunga kwenye boti letu pale mwaloni, akavuta kamba mara moja, nayo ikanguruma vizuri, mwongo mkubwa mashine ile.

"Haizimi ziwani?" akauliza.

Mume wangu akatazama pembeni. "Mashine ya zamani, si unajua."

"Inazima," nikasema. "Ilituzimia katikati. Tulikuwa tunakufa."

Mume wangu alinikata jicho. Yule kijana akacheka, bila ubaya wowote.

"Shemeji, wewe ni mtu wa migomba. Mashine zote huzima. Mimi sasa napiga makasia, angalau hii itanipumzisha mikono."

Akatoa pesa, akaibeba begani akaondoka nayo.

Mashine yetu mpya haijazima hata mara moja. Mume wangu anarudi mapema, na mimi ningepaswa kutulia. Lakini kila akiingia, kabla hajavua viatu, nilikuwa namuuliza kama amemwona yule kijana. Mwanzoni alinijibu kwa ukali: nimemwona, anavua, mzima, unataka nini? Baadaye akaacha ukali. Juzi hakungoja nimuulize. Aliweka ndoo ya dagaa chini akasema, "Nimepita kambini kwao. Mke wake alikuwa amesimama majini na mtoto mgongoni. Ameniuliza kama nimemwona mume wake njiani."

"Ukamwambiaje?"

"Sikumwona njiani. Nimemwambia anakuja," akasema, na hakukaa chini.