Samaki Watatu wa Dada Kemunto

Juzi, katika duka moja la samaki wa kufuga mjini Kisii, nilimwona muuzaji akimtenga kwenye beseni samaki mwenye utando mweupe mdomoni. Nikakumbuka alasiri niliyouona utando kama ule kwa samaki watatu ambao dada yangu Kemunto aliniachia alipoenda shule ya bweni. Nilidhani ni unga umewagandia. Walipokataa kula niliwaongezea makombo ya mkate, hadi maji yakanuka kama mboga iliyooza. Leo najua ulikuwa ugonjwa, na uchafu ule uliuzidisha. Walikufa wote.

Kemunto aliporudi likizo, alikishika kitangi chao kitupu.

“Moraa, waliteseka?”

“Hapana, dada. Walilala tu.”

Walikuwa wamehema juu ya maji mchana kutwa, nami nikidhani wananiomba chakula.