Kuni Hazioti Jikoni

Nakumbuka siku ambayo moto ulizimwa nyumbani kwa wakwe zangu kule Guta. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, bado naogopa hata kukohoa mbele ya baba mkwe. Wewe mwanangu unayewasha jiko kwa kuzungusha kitufe, kaa nikueleze, kwa sababu ninayoyaona siku hizi kwenye majiko ya hapa Nyasho yananichoma na siwezi kuyameza.

Baba mkwe alikuwa na ng'ombe wengi na sauti kubwa. Alitaka moto uwake kutwa, hata kama hakuna kinachopikwa. Alikuwaga anasema, "Mji usiotoa moshi ni mji wa maskini." Maharage yaliingia chunguni makavu kama changarawe, yakachemshwa tangu umande haujakauka mpaka jua la utosi. Chungu hakikufunikwa, maana wanaume waliokaa uani walipenda harufu iwafikie. Na kuni alileta nani? Si wao. Kuni zilikuwa mlimani Balili, na njia ya huko ilijua nyayo za wanawake tu. Kitanda usichokilalia, wahenga walisema, hujui kunguni wake.

Sasa, mke wa shemeji yangu aliitwa Nyangeta. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, tumbo limeshaonekana. Asubuhi hiyo uchaga wa kuni ulikuwa mtupu. Nyangeta akapiga magoti mbele ya baba mkwe.

"Baba, mgongo unanikaza leo. Naomba niende kesho."

Mzee hakumtazama. "Mimba siyo ugonjwa. Mama yenu hapa alizaa wote akibeba kuni."

Nyangeta akachukua kamba na panga. Nikamfuata. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wenye kokoto, mguu wake uliteleza, mzigo ukamwangukia kiunoni. Nilikata kamba, nikamwinua. Aliniambia neno moja tu, "Usiwaambie nimelia." Tulifika nyumbani tukikokotana, na kabla jua halijatua mimba ilikuwa imeharibika.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa naye ndani. Alipotoka alinawa mikono taratibu, akaenda moja kwa moja jikoni. Akayavuta magogo yote, akayamwagia maji. Moshi ukajaa uani, wanaume wakainuka wakikohoa.

"Umerukwa na akili?" baba mkwe akauliza. "Tutakula nini?"

Mama akarudi na ungo. Juu yake aliweka unga, maharage makavu na dagaa wabichi, akautua miguuni pa mzee.

"Chakula hiki hapa," akasema. "Moto mliokuwa mnaota tangu asubuhi umemla mjukuu wako. Anayetaka kupikiwa, mlima anajua uliko."

Hakuna mwanamke aliyewasha moto. Kesho yake wanaume walikunywa maziwa baridi na kiburi chao, lakini kiburi hakishibishi. Mwishowe mume wangu na kaka yake wakashika panga wakaenda. Walirudi jua limewapiga, shingo zimekakamaa, na mizigo yao ilikuwa midogo kuliko ule wa Nyangeta. Shemeji alitua wake, akaenda nyuma ya ghala, akalia huko peke yake.

Baba mkwe hakuomba radhi. Watu wa aina yake walilimeza neno hilo pamoja na maziwa ya mama zao. Ila hakumzuia mama tena kupanga mambo ya jikoni. Mama alifinyanga jiko la udongo lenye mdomo mmoja, kuni chache zikatosha. Maharage yalilala kwenye maji. Yakishachemka vizuri, chungu kilifunikwa na kutumbukizwa kwenye kikapu kilichojazwa fifi, ile pamba chafu isiyo na soko, yakaendelea kuiva humo bila moto wowote. Mzee alipoona, akaguna, "Chungu unakivalisha pamba?"

"Bora chungu kivae pamba kuliko mkweo avae sanda," mama akamjibu, akaendelea kupepeta.

Nyangeta alipata watoto baadaye, Mungu ashukuriwe. Lakini kila alipoulizwa ana watoto wangapi, alimhesabu na yule.

Sasa mnaniambia hayo ni ya zamani. Ya zamani yapi? Juzi hapa Nyasho nimemwona kijana anachemsha maji ya kuoga kwenye gesi mpaka mfuniko unaruka, halafu anayapoza kwa ndoo nzima ya maji baridi. Gesi ilipokatika akamgeukia mkewe: "Kwani wewe unainywaga?" Nilitamani kumvuta sikio. Jirani yangu naye anajaza jiko mkaa kwa ajili ya kikombe cha chai, kisha anakaa na simu mpaka mkaa unageuka jivu. Harusini Butiama nimekuta mgunga mzima unateketea, sufuria zimeshaepuliwa zamani. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na vilima vyetu vinabaki upara huku tukiulizana mvua imekwenda wapi.

Usinijibu kwamba mkaa umenunua. Umenunua mkaa; mgongo wa aliyekata na kubeba hukuununua, wala kifua cha mtoto anayelala kwenye moshi.

Basi nisikilize, mwanangu. Loweka maharage. Funika sufuria, hata kama unaona ni jambo dogo. Maji yachemke kiasi unachohitaji. Chakula kikiiva, zima. Mkaa uliobaki ufunike ukose hewa, kesho utawaka tena. Tafuta kikapu chako, ukijaze matambara kama huna pamba. Na wewe wa kiume, usiulize kwa nini moto umeisha kama hujawahi kuutafuta. Ingia jikoni. Hakuna mila iliyovunjika pale Guta wanaume walipokwenda Balili. Kilichovunjika ni ujeuri, na ulikuwa umechelewa kuvunjika.

Mungu akupe jiko lisilokosa chakula na nyumba isiyojaa moshi. Akupe watoto, uwalee wote. Na mgongo wa kila anayekupikia, Mungu akaulinde. Amina.