Sketi Yenye Pindo Pana

Mtaa mzima ulimwita Mama Mapindo, naye hakuchukia. Alikuwa fundi wa sare za shule, na kila sketi iliyotoka kwenye cherehani yake ilikuwa na pindo la upana wa kiganja, limekunjwa kwa ndani. Mtoto akirefuka anarudi, pindo linashushwa, sketi inaendelea na maisha. Mabaki ya vitambaa aliyatia kwenye gunia chini ya meza, yakawa mifuko na viraka. Kutupa kitambaa kulimuuma kama kumwaga mboga.

Aliyekereka na mapindo hayo alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyeshona naye bega kwa bega dukani.

"Wifi, tunafanya biashara au tunatoa sadaka?" alimuuliza siku moja. "Nguo moja mtoto anavaa mpaka anaota ndevu."

"Sketi na ndevu wapi na wapi?" Mama Mapindo akacheka. "Huyo ungemshonea suruali."

Utani uliisha siku lilipofunguliwa duka jipya la sare ng'ambo ya barabara. Mapindo yake yalikuwa membamba kama kamba ya kiatu, kazi chapuchapu, wateja foleni. Wifi akahamia huko na cherehani yake. Mama Mapindo alimsaidia hata kuinyanyua, kiburi tu hicho, kisha akarudi ndani akalia. Msimu ule alijikaza kisabuni. Aliogopa kufunga duka, lakini kilichomkondesha hasa ni kushinda kutwa bila mtu wa kumtania.

Mwaka mpya wa shule ulipoanza, watoto walikuwa wamerefuka, kama ilivyo kawaida yao. Ng'ambo kule akina mama walifika wamevimba kwa hasira: sketi zimepanda juu ya magoti na hakuna cha kushusha. Wakaambiwa wanunue nyingine. Walinunua kweli, ila si pale. Kwa Mama Mapindo, waliokuja kushushiwa mapindo walikuja na watoto wadogo mkononi, na wakiwa wanasubiri wakaagiza sare za hao wadogo. Hata majirani wakawafuata. Mwenyewe hakuamini macho yake. Alishona huku akiimba, na hana sauti.

Jioni moja akaingia binti wa wifi, na sketi kuukuu mkononi.

"Shangazi, nishushie na hili pindo lililobaki."

Mama yake alikuwa nyuma yake, uso chini, ameshika sketi mpya.

"Hii nimemshonea mwenyewe kule," alisema. "Haijapauka hata rangi, imeshakuwa fupi. Kumbe mwenzangu anavaa ile ya kwako ya zamani, kaishusha kwa mkono, mimi sina habari."

Mama Mapindo akaukagua ule mshono uliokwenda upogo. "Huyu kashona kama mama yake."

Wifi hakucheka. "Na hii yangu ndiyo basi tena?"

Mama Mapindo akapekua gunia, akatoa kipande cha rangi ileile. "Inaungwa kwa chini. Ila mimi nimechoka, ishone mwenyewe."

"Cherehani yangu iko ng'ambo, wifi."

"Si ukailete."

Wifi akageuka kutazama pale alipokuwa akikaa. Hapakuwa na meza wala kiti, hata gunia halikusogezwa pale. Alama za miguu ya cherehani yake zilikuwa bado sakafuni. Akajifuta macho kwa ile sketi fupi, akavuka barabara kuifuata cherehani.