Bingwa wa Kupandisha Mpira

Tumsifu aliendesha foklifti kwenye ghala la Shakopee, Marekani, bila woga, lakini mbele ya Generosa ulimi wake uliganda kama bomba la maji mwezi wa Januari. Walishawahi kukaa pamoja kwenye chakula cha kanisa, na Tumsifu akaishia kumweleza habari za wali, wali mtupu. Hivyo Generosa alipomwalika mji wa Anoka kutazama besiboli, mchezo alioambukizwa na wazee anaowauguza, Tumsifu alijua kwamba akiwa bubu tena hatapata mwaliko mwingine.

Akaamua kujisomesha. Tovuti ya timu ilikuwa na takwimu za kila mpigaji: asilimia ngapi ya mipira yake hubingirika, ngapi huruka mbali, ngapi hupanda wima kama moshi. Hiyo ya mwisho ikamteka. Shule yake ilikuwa ya msingi tu, lakini jambo moja lilimkaa: asilimia kubwa ndiyo hupigiwa makofi. Akampata bingwa wake, jamaa mnene aitwaye Alvin.

Siku ya mchezo alimsifia Generosa huyo Alvin na asilimia yake tangu walipoegesha gari. Generosa akasema haya, tutaona.

Alvin akapiga. Mpira ukapaa mpaka ukawa kama punje ya pilipili manga. Tumsifu, ambaye hata kanisani hupiga makofi baada ya kuchungulia wenzake, akasimama akashangilia. Alikuwa peke yake. Mpira ukashuka karibu na pale ulipotoka, ukadakwa na mtu ambaye hakuhitaji hata kukimbia.

"Kaka Tumsifu," Generosa akasema taratibu, "ule ukidakwa, mpigaji ametolewa. Hiyo asilimia ni ya hasara."

Tumsifu akakaa. Kwa kuwa hakuwa na heshima nyingine ya kupoteza, akakiri kwamba mpigaji anayefuata alimdharau kabisa, maana mipira yake haipandi. Angekuwa kocha, angemfukuza.

Huyo akauchapa mpira moja kwa moja hadi kwenye uzio, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia.

Generosa alicheka mpaka akamshika bega asianguke. Akamtaka aendelee kumtajia wabovu, maana hajaona mtabiri wa uhakika namna hiyo, mradi umgeuze miguu juu. Tumsifu akataja. Akazungumza mchezo mzima, akikosea kwa ufasaha.

Wakitoka, Generosa akamuuliza kama Jumamosi ijayo ana zamu.

"Ninayo," akajibu, kisha jibu lake mwenyewe likamtisha. "Lakini nitabadilishana na mtu."